Nimemsaidia mtu kujifungia asibeti kwenye site za Kifaransa, sasa sielewi nani kafungiwa

Wakuu, salamu kwenu nyote. Hili sijasimuliwa, nilikuwepo, na mpaka naandika hapa kichwa hakijakaa sawa.

Mimi ni fundi simu hapa Katoro, Geita. Fremu ya pili yuko Mkongo, tunamwita Baba Merveille, anachomelea vyuma vya makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Fundi haswa. Ugonjwa wake ni kubeti, tena kwenye site za Kifaransa, maana ndicho alichosomea.

Juzi kanijia mnyonge. Mtu alikuwa anataka kuinunua mashine yake ya kuchomelea, ile inayolisha nyumba, na alijijua: akiiuza tu, hela yote inaishia kwenye mkeka wa kubeti.

"Ndugu, mi nataka hao ba site banifunge nisibeti," akasema. "Banifunge kabisa, kabla sijauza mashine."

Tukakaa na site zake. Yeye anasoma na kutafsiri, mimi nauliza.

Ya kwanza ina ukurasa mreeefu wa kumlinda mchezaji, mahubiri matupu, kitufe cha kujifungia hakuna.

Nyingine unajiwekea limit, halafu unaitoa palepale. Sasa hiyo ni limit au pambo?

Ile anayoitumia sana ina kila kitu: kupumzika, kujifungia kwa muda, kujifungia moja kwa moja. Nikamwambia aigeuze Kiswahili nione mwenyewe. Kwa Kiswahili kuna sentensi moja: cheza kistaarabu. Kampuni ileile wakuu! Ina maana sisi wa Kiswahili hatuzidiwi?

Basi, tukarudi kwenye Kifaransa, tukabonyeza kile cha kujifungia moja kwa moja. Wakataka picha ya mwenye account ameshika kitambulisho.

Jamaa akaiweka simu mezani.

Mnaoishi na wageni machimboni mnajua mambo haya. Mgeni hana kitambulisho cha hapa, laini yake ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mkewe, na account ikafuata jina la laini. Kwa hiyo mwenye account ni Mama Merveille, Msukuma wa Ushetu, hata timu moja ya Ulaya haijui.

Na alikuwa hajui kama mumewe anabeti.

Nikamwambia hapo hakuna njia ya pembeni. Akaenda kumwita, akamweleza yote mbele yangu. Nilitamani fremu iwe na mlango wa nyuma.

Mama akasema, "Yaya, baba, hapana. Mashine haiuzwi. Nipigeni hiyo picha."

Akashika kitambulisho, machozi yanamtoka, nikapiga. Iliniuma sana.

Majibu yakaja fasta. Baba Merveille akamtafsiria mkewe kwa sauti ndogo: "Banasema, madame, tunakupongeza kwa ujasiri wa kukubali kama mchezo umekushinda."

"Mimi?" mama akauliza.

Baba Merveille akaizima simu.

Mashine bado ipo, jamaa anachomelea. Sijui kilichomzuia ni sera ya site au ni lile swali la mkewe. Maana aliyefungiwa hajawahi kubeti maishani, na mbetaji mwenyewe kesho anaweza kuazima laini nyingine akaendelea.

Nilichojifunza: kabla hujasifia ulinzi wa site, angalia account ina jina la nani.

Wajuzi nisaidieni kwenye comment. Kuna site inayomfunga mtu, siyo jina? Mama Merveille kapita asubuhi kuniuliza kama mumewe kafungwa kweli, nikajifanya nina mteja.