Punje Kumi Mlangoni mwa Bani

Kaa nikueleze taratibu, na usiogope. Kama umewahi kuonja mboga ukasema chumvi imepungua kidogo, somo hili tayari unalo.

Miaka ya tisini, nilirudi nyumbani Inyonga likizo kutoka chuoni, nikakuta mama yangu yuko karibu kunyang'anywa kazi ya kushika moto. Yeye ndiye aliyesimamia bani la kikundi, lile jengo refu la udongo tunamokaushia tumbaku. Bwana shamba alikuwa ameleta kipimajoto na amri moja: zebaki ikifika alama nyekundu, fungueni matundu ya juu. Mama alitii. Lakini majani yale yalichumwa baada ya mvua, bado yamejaa maji, yakakauka na mabaka ya kijani. Lawama zote zikamwangukia yeye.

"Tatizo ni maneno yake," bwana shamba aliwaambia wanakikundi. "Njano kiasi, unyevu kidogo, moto wa wastani. Ukimuuliza namba, hana."

"Na wewe chai yako unaiwekea sukari kwa rula?" mama akamuuliza.

Watu walicheka, ila uamuzi ulibaki palepale: bani litakapojazwa keshokutwa, itajulikana nani anashika moto.

Nilikasirika, maana nilijua maneno ya mama yanahesabika. Chuoni nilikuwa nimejifunza kuunda mfano wa mambo yaliyofungamana kwa kutumia kanuni za maneno. Siri ni hii: jani halilazimiki kuwa la njano au la kijani. Linaweza kuwa yote mawili, kila moja kwa kiasi chake.

Nikampa mama punje kumi za mahindi. "Jani hili, gawa. Njano ngapi, kijani ngapi?"

Alilipitisha shavuni, kama alivyozoea, kisha akaweka saba huku na tatu kule. Hakusita hata kidogo.

Tukaendelea siku nzima. Kama jani ni la njano na shavu linahisi unyevu, matundu yafunguliwe. Kama ni la kijani, matundu yafungwe. Kanuni zote mbili husema kwa pamoja: ya njano kwa nguvu ya punje saba, ya kijani kwa nguvu ya tatu, na jibu hukaa katikati, likivutwa zaidi na yenye punje nyingi. Kisha jibu la hapo huingia kwenye kanuni za hatua inayofuata, ya kukausha kikonyo, ule mshipa mnene wa katikati ya jani. Nilichora viduara na mistari kwenye karatasi ya mfuko wa saruji mpaka ikawa kama wavu.

Mama akautazama. "Mvua iko wapi?"

Nilikuwa nimeisahau, kosa lilelile la bwana shamba. Nikaongeza kiduara cha mvua, mistari yake ikafika kila mahali.

Siku ya kujaza bani nilibandika karatasi ile mlangoni.

"Dada, niambie tu joto la kufungulia," bwana shamba akasema. "Namba moja."

"Sikupi," nikamjibu. "Namba moja ndiyo iliyotuharibia majani." Nikampa jani na punje kumi. "Gawa."

Aligeuza jani, akakuna kichwa, akaweka sita na nne. Halafu akahamisha moja.

"Ehee!" mama mmoja wa kikundi akapiga kelele. "Na yeye ana kidogo na kiasi!"

Bwana shamba akacheka kwa shingo upande. Mwenyekiti wa kikundi akamkabidhi mama kuni. Kipimajoto hatukukitupa, tulikipa kiduara chake, kimoja kati ya vingi. Jani lilitoka la njano, na mama akaendelea kushika moto.

Tangu hapo nimeambiwa na wasomi wengi nichore mstari mmoja wa kukata, huku njano huku kijani, niache maneno ya wakulima. Nimekataa, na bado nakataa.

Sasa zamu yako. Chukua punje kumi, usimame mbele ya kitu unachokifahamu kwa mikono yako, uzigawe kati ya maneno mawili unayokielezea. Andika ulivyogawa kabla mtu hajakuuliza namba.