Wavu Alioukata Shangazi Koleta

Mvua ikikatika Mbinga mjini, harufu ya usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani, huinuka kutoka kwenye meza za sokoni ikatanda mpaka stendi. Wengine huziba pua. Mimi hupunguza mwendo, kwa sababu harufu hiyo hunirudisha Ziwa Nyasa, kwenye likizo ya Pasaka niliyokaa kwa Shangazi Koleta nilipokuwa darasa la nne.

Shangazi ni dada yake baba. Alizaliwa huku milimani Mpepai kama sisi, akakulia kwenye kahawa na mashamba ya ngoro, yale ya mashimo mashimo, kisha akaolewa na mvuvi wa Kinyasa karibu na Mbamba Bay. Nyumbani walimtania kwamba amekwenda kuolewa na maji, na baba hakuwahi kushuka kumtembelea. Kwa hiyo nilitarajia kumkuta amenyong'onyea. Nilimkuta amesimama ziwani, maji yakimfika kiunoni, akisukuma mtumbwi pamoja na mumewe, na kicheko chake kilisikika mpaka barabarani.

Masika yalikuwa yanaisha, na ziwa lilikuwa zuri kupita maelezo. Asubuhi maji yalikuwa na uvuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto, yametulia kiasi cha kuona mawe chini. Pale mto unapoingia yalikuwa bado na rangi ya chai ya maziwa, na hapo samaki aina ya magege walijaa. Mbali kabisa, vijidudu vya ziwani vilipanda angani kwa makundi mazito, ungedhani mtu anachoma shamba juu ya maji. Shangazi alinifundisha kuvitazama vyote hivyo. Ndege wakiinama mahali pamoja, usipa wako chini yao. Milima ya ng'ambo ikionekana karibu mno, upepo wa mwera hauko mbali.

Katikati ya neema hiyo Mjomba Gaudensi, mume wa shangazi, akaota jipu gotini, akawa hawezi hata kukunja mguu. Wavu ulikuwa umetegwa majini tangu jana yake. Shangazi akafunga kanga kiunoni, akamwita shemeji yake Kanisi, wakaingia mtumbwini. Wanawake wa pale ufukweni walinong'ona, maana kuvua ilikuwa kazi ya wanaume. Mama mmoja alimwambia Mjomba kwamba mtu wa milimani atamzamishia mtumbwi. Mjomba alijibu tu kwamba mtumbwi ni wa Koleta pia.

Jua lilipoanza kuwa kali, mwera ukaingia. Ziwa lililokuwa limelala likajaa mawimbi yenye vichwa vyeupe, na mitumbwi ikaanza kukimbilia nchi kavu. Wa shangazi nao ulikuwa unarudi. Mara tukauona ukigeuka. Nyuma yake mtumbwi mwingine ulikuwa umepinduka, na watu wawili walikuwa wanatapatapa majini. Mjomba alisimama kwa mguu ule mbovu bila kushika kitu. Mimi nikamshika shati.

Yaliyotokea kule alitusimulia Kanisi jioni. Walikuwa wamepakia nusu ya wavu na samaki wake, nusu nyingine ikiburuta nyuma na kuwavuta kama nanga. Kwa uzito ule wasingewafikia wale watu.

Shangazi akamwambia, "Kata."

"Shemeji, huu ndio wavu wetu wote."

"Nimekuambia kata, Kanisi."

Akakata. Nusu iliyokuwa ndani wakaisukumia majini, samaki wakiwa bado wanarukaruka. Wale wanaume wawili, ndugu wa kijiji cha jirani, wakashikilia mtumbwi, mmoja mbele na mmoja nyuma, na shangazi akapiga kasia mpaka mtumbwi ulipogusa mchanga. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Mjomba alivichukua vyote viwili, akavitazama, akaviweka kifuani pake mbele ya watu wote. Yule mama aliyesema ya mtu wa milimani ndiye aliyeleta maji ya moto.

Mimi nililia, lakini nililia kwa ajili ya wavu. Siku zilizofuata tulikula ugali kwa kisamvu wakati majirani wanakaanga magege, na shangazi alikaa kivulini akiunga vipande vya nyavu kuukuu. Baba aliposhuka kunichukua, alisimuliwa habari ile. Kisha akamwomba Mjomba ampeleke akauone mtumbwi.

Kabla baba hajaja kunichukua, wale ndugu wawili walikuja mara kwa mara, kila mmoja na samaki mkononi, wameinamisha vichwa. Shangazi aliwakaribisha, akawauliza maji ya leo yakoje, ndege wameinama wapi, mwera umelegea au bado. Wakianza kulitaja lile jambo, yeye aliuliza swali jingine la ziwa. Taratibu vichwa vyao viliinuka, wakaanza kubishana naye kama wavuvi wenzake.

Wakati ule nilidhani amesahau, nikamsikitikia kwa kuachia shukrani zake zipite hivihivi. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa. Aliwatoa majini siku moja, lakini kwa maswali yale aliendelea kuwatoa, mpaka wakaweza kuingia uani kwake bila kujiona watu waliookolewa.