Gari langu la umeme liligoma kujaa kwenye baridi ya Euless, nikaanza kutafuta mchawi

Wakuu, poleni na baridi mlio huku, na mlio nyumbani furahieni jua lenu. Hii si chai, imenikuta mwenyewe.

Niko Euless, jimbo moja na Houston, napakia mizigo airport, shift ya usiku. Asubuhi narudi, nachomeka gari kwenye soketi ya kawaida ya garage, nalala. Jioni naamka limejaa vya kutosha kunifikisha kazini.

Gari ni used. Aliniuzia Salim, Mmombasa mmoja wa Stafford, kule Houston. Nililijaribu kipindi cha joto, kila kitu poa.

Baridi ikaingia, ile ya kugandisha mabomba. Naamka jioni, chaji imepanda kidogo mno. Kesho yake vilevile. Mke wangu ni nurse, ana shift zake, ikabidi ahangaike kunipeleka. Na supervisor alishanipa warning ya kuchelewa.

Nikampigia Salim.

"Ndugu yangu, hiyo ni baridi tu. Umeme unaanza kuipasha betri moto kwanza, na soketi ya kawaida ina nguvu ndogo. Wallahi betri ni nzima."

Wakuu, mtu akianza kuapa kabla sijamtuhumu, masikio yananisimama. Nikajua nimepigwa.

Nikafungua app ya gari. Loh! Chaji inakatika katikati ya mchana, inakaa, inarudi yenyewe.

Jirani? Garage inafungwa. Mke? Yuko kazini. Nyumbani tupo mimi, binti yangu Rahma ambaye bado mdogo, na mama mkwe aliyekuja kutoka Tanga kutusaidia kumlea. Yule mama hata kunitazama usoni anaona haya, sikumfikiria kabisa.

Akili ikarudi kwa Salim. Labda bado ana login ya app, anaikata chaji akiwa Stafford ili nichoke nimrudishie kwa bei ya kutupa! Nikabadilisha password.

Ikakatika tena.

Siku iliyofuata nikawasha notification, simu nikaiweka kwenye mto. Ilipolia tu, nikatoka pekupeku.

Mama mkwe kasimama garage, khanga puani, plagi mkononi.

"Mama! Kumbe ni wewe?"

"Baba Rahma, hebu gusa hapo."

Nikagusa soketi, nikarudisha mkono haraka. Plastiki imegeuka kahawia, inanuka kama pasi iliyosahaulika juu ya nguo.

"Inachemka hivi kila siku," akasema. "Naitoa ipoe, halafu nairudisha kabla hujaamka."

"Mbona hukuniambia?"

"Mama Rahma alisema usiamshwe, umetoka kazini. Nami mgeni. Nikaona nitaonekana nakataza gari la mwenyewe."

Upande wa pili wa ule ukuta ni chumba cha Rahma, na muda huo alikuwa amelala.

Landlord akaleta fundi umeme. Alipofungua, waya zimeungua na ubao wa nyuma umeanza kuwa mkaa. Akauliza nani aligundua. Nikamwonyesha mama. Fundi akamwambia "thank you", mama naye akajibu "thank you", akarudi jikoni.

Tumewekewa line mpya yenye nguvu, gari linajaa vizuri. Ila siku za baridi kali bado linachelewa, kwa hiyo Salim hakudanganya. Sijamwambia nilimwaza nini, na nyie msimwambie.

Nilichojifunza: baridi inachelewesha chaji, hilo zoea. Lakini soketi ya zamani ikifanyishwa kazi saa nyingi, iguse kwa mkono. Mimi nilikuwa nahangaika na watu wa Houston, moto uko ukutani kwangu.

Wenye magari ya umeme mlioko mji wa Katy na kwingineko, nyie mnachaji vipi baridi ikiingia? Na password za wenye gari wa zamani mlibadilisha?

Ngoja niishie hapa, mama anagonga mlango, anasema amesikia harufu. Juzi ilikuwa jirani anachoma nyama. Naenda hivyohivyo.