Kadi ya Watalii na Kitambaa cha Emérence

Mdogo wangu Emérence ana beseni la kuogea nyumbani kwake mtaani Newburg, lile refu la kulala ndani, na tangu tufike Louisville hajawahi kulijaza maji. Amepanga humo mifuko ya unga wa mahindi, sufuria za sherehe na viatu vya baridi. Yeye huoga kwa ndoo, amesimama kwenye kipembe alichokibakiza karibu na tundu la maji. Wageni wa kanisani wakiuliza, husema nyumba ni ndogo.

Kazini ni hivyohivyo. Ghala anakofanya kazi liko ng'ambo ya mto Ohio, na gari la wafanyakazi likifika darajani hufumba macho akajifanya amelala.

"Maman Joselyne," wenzake humtania, wakimwita kwa jina la binti yake, "usingizi wako mbona unaanza darajani na kuishia darajani?"

Hucheka nao. Ni mwanamke wa kucheka. Anabeba maboksi ambayo vijana wanayakimbia, na mtu akifiwa yeye ndiye wa kwanza kuingia jikoni. Ukiwauliza watu wetu wa hapa watakuambia Emérence haogopi kitu.

Mimi najua anachoogopa, maana nilikuwepo. Mwaka wa tisini na sita tulikimbia kutoka Uvira, tukafuata ufuko wa ziwa hadi Baraka, tukapata boti la mbao la kwenda Kigoma. Lilijaa kupita kiasi. Katikati ya ziwa maji yakaanza kuingia, mwenye boti akapiga kelele wanaume washuke washikilie ubavuni, la sivyo tunazama sote. Eliezer, mume wa Emérence, alishuka. Akaweka mikono yake kwenye ukingo, mbele ya mkewe, akamwambia, "Wewe shika mtoto. Mimi niko hapa tu." Mtoto mwenyewe ndiye Joselyne, alikuwa bado ananyonya. Kukapambazuka, na ukungu ukatushukia mzito, hata aliye karibu humwoni. Ulipoondoka, ukingo ulikuwa mtupu.

Joselyne aliambiwa tu kwamba baba yake alikufa katika vita. Mama yake hakutaka lisemwe zaidi ya hapo, nami nikanyamaza. Mume alikuwa wake.

Kiangazi kilichopita ndugu yetu Balagizi, anayeishi North Buffalo, karibu na maporomoko ya Niagara, alituita tukamsalimie. Joselyne ni muuguzi huko Columbus, basi tukapanda basi la abiria hadi kwake ili atuchukue kwa gari lake. Jioni, tukiwa mezani kwake tunakula sombe ya majani ya mihogo, Joselyne akatuwekea simu mbele.

"Maman, mama mkubwa, angalieni. Kuna kadi ya watalii. Unalipa mara moja, unaingia kote. Boti ya kwenda mpaka chini ya maporomoko ya Niagara, mapango, nyumba ya samaki, na basi la kuzunguka."

"Na mtu asipopanda boti?" Emérence akauliza.

"Bila boti kadi ni hasara. Donc tunapanda!"

Emérence akaisogelea simu. Kwenye picha watu walikuwa wamebanana kwenye boti, kila mmoja amejifunika nailoni ya buluu toka kichwani. Kijiko kikabaki mkononi mwake.

"Mbona wote wamepewa shitingi?"

Joselyne akacheka hadi akakohoa. "Ni ya kuzuia kulowa, Maman! Wanakupa bure."

Yeye alikuwa mdogo, hakumbuki. Mimi nakumbuka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, tulivyopanga mstari tukagawiwa shitingi za buluu za kuezekea. Hupewi shitingi mpaka uwe umeshapoteza nyumba yako, na wengine zaidi ya nyumba. Emérence aliipigilia ya kwake peke yake, mtoto mgongoni.

"Mimi nitabaki kwa mjomba wako," akasema.

"Wewe? Uliyevuka ziwa zima na mimi mgongoni unaogopa kiboti cha watalii? Hata vibibi vya kizungu vinapanda!"

Nikajaribu kumwokoa. "Hiyo kadi mimi sioni faida yake. Samaki nilishawaona, tena niliwala."

"Mama mkubwa, wewe hata jua huoni faida yake. Bon, tutaamua tukifika."

Usiku ule Emérence hakulala. Wala mimi. Nilimsikia akigeuka.

Tulipokwisha kumsalimia Balagizi, Joselyne akatupeleka Niagara. Pale maji unayasikia kabla hujayaona. Ardhi inatetemeka kidogo chini ya viatu. Emérence alitembea amenishika mkono, na kila hatua alikuwa mzito zaidi. Tukafika dirishani pa tiketi, watu wengi nyuma yetu. Joselyne akageuka.

"Maman, nikate kadi tatu, au?"

Mama yake akatikisa kichwa. Kisha akasema, "Usinunue."

"Nipe sababu. Moja tu."

Nikawaza, sema sasa, mdogo wangu. Sema. Lakini alitazama chini tu. Aliogopa maji, na naona aliogopa zaidi kumwambia mtoto kwamba baba alishuka ili wao wabaki juu.

"Sawa," Joselyne akasema, uso umekunjamana. Akakata tiketi ya boti, moja, yake peke yake.

Hapo Emérence akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya mbele za watu. Akafungua kitambaa chake cha kichwani, kile cha kitenge cha njano anachovaa kwenda kanisani, akabaki kichwa wazi.

"Funga hiki juu ya hiyo shitingi yao. Mtafanana wote. Nataka nikuone."

"Maman, watu wanatuangalia."

"Waangalie. Funga!"

Joselyne akakichukua, akateremka kwenye boti.

Tukasimama juu, kwenye vyuma vya kuzuia watu wasianguke. Boti ilipoondoka tukaona buluu tupu, na katikati yake nukta moja ya njano. Emérence hakuiacha kwa macho. Boti ikasogea pale maji yanapoanguka, moshi wa maji ukapanda, buluu ikafifia, na njano nayo ikapotea.

"Dada," akaniambia, "imeingia kwenye ukungu."

"Itatoka."

"Nilimwachia aende." Kucha zake zilinizama mkononi. "Nilikaa tu, dada, nikaangalia kama siku ile."

Mimi pia nilikuwa nikimwomba Mungu kimoyomoyo, mama mzima, katikati ya watu wanaokula aiskrimu. Nilijua boti zile hurudi. Kujua huko hakukunisaidia kitu.

Pua ya boti ikachomoza. Buluu, buluu, wote buluu. Njano hakuna. Emérence akainama juu ya vyuma. Nikatafuta mbele, nikatafuta nyuma.

Ndipo tukaiona, ubavuni kabisa. Joselyne alikuwa amekivua kitambaa, amekishika kwa mikono yote miwili juu ya kichwa chake, anakipunga kuelekea kwetu.

"Mikono yake," Emérence akasema. "Mikono yake ile pale."

Alipopanda kwetu alikuwa amelowa, anacheka, hasira imemtoka. "Upepo ulitaka kukichukua, Maman, nikaona bora nikishike! Haya, mwaonaje, tungenunua kadi..."

Mama yake alikuwa ameishika mikono yake, anaigeuza, anaikausha kidole kimoja kimoja kwa sketi yake.

"Maman, una nini?"

Nikataka kuondoka niwaachie nafasi. Emérence akanishika nisiende. Tukakaa watatu kwenye benchi lenye maji, kitambaa kikichuruzika magotini pake, naye akaanza, bila kumtazama mtu:

"Asubuhi ile, ukungu ulikuwa kama huu. Baba yako alikuwa mbele yangu."