Darubini ya Abdulmajid

Abdulmajid wa Mlali ni fundi wa picha. Ndivyo anavyosema mwenyewe. Harusi, maulidi, kipaimara, kote yumo, na kote watu hutoka na nyuso usizojua ni za nani.

Mzee Kondo alikuwa na picha moja tu ya marehemu mkewe, Raya. Aliipiga huyohuyo Abdulmajid, kwenye harusi ya binti yao. Raya kaketi mkekani, kanga mpya, na penye uso pana ukungu. Kondo alikuwa anaanza kuusahau uso wenyewe. Hilo hakumwambia mtu.

Sasa fundi akanunua darubini ya mtumba. Akaja kuomba uwanja wa Kondo, maana uko mlimani kidogo, taa za barabarani hazifiki. Anataka kupiga picha Zohali, ile yenye pete. Kondo akamuuliza, mama aliyeketi chini katulia amekushinda, nyota utaiweza? Abdulmajid akacheka, akadhani anataniwa.

Baada ya magharibi akatega vyombo vyake. Stendi ya miguu mitatu, mmoja umefungwa kijiti. Simu kaibana kwenye darubini kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mbuzi akikohoa bandani, nyota inacheza. Akatundika ndoo ya maji stendi itulie, upepo wa mlimani ukaibembeza ndoo. Na Zohali haimsubiri mtu. Ukiipata inahama, ukiifuata unaipoteza.

Kondo akachungulia. Akaona punje ya mchele inatetemeka.

"Hii ulinunua au uliokota?"

"Mzee, stendi za mota, zile zinazoifuata nyota zenyewe, bei yake siiwezi," akasema Abdulmajid. "Hii inatetemeka, najua. Ndiyo maana sipigi moja. Napiga mamia, nachagua zilizotulia, nazipanga moja juu ya nyingine. Hapo ndipo inatoka picha."

Kondo akaliondoa jicho kwenye darubini. Kisha akauliza taratibu:

"Raya ulimpiga ngapi?"

Abdulmajid akajishughulisha na ule mpira.

"Moja, mzee."

"Nyota isiyokujua unaipiga mamia. Mke wangu aliyekupakulia pilau, moja."

Kondo akamwambia afungashe, na uwanja ule asiukanyage mpaka amletee Raya. Abdulmajid akasema video za harusi ile bado anazo, pengine mama alipita. Akaondoka, stendi begani.

Siku chache baadaye akaja mchana. Hodi, shikamoo, simu mkononi. Kwenye video kina mama wanaimba, na nyuma yao Raya anapita na sinia, anageuka kumkemea mtu, anatoweka. Kwa kitambo kile kifupi uso uko wazi, mdomo umebenuliwa vilevile alivyokuwa akiubenua.

Kondo akaangalia. Akasema mwanga mbaya. Akasema hiyo simu ilishikwa kama jembe.

"Rudisha," akasema.

Abdulmajid akarudisha.

"Tena."