Mzee Herufi: Milango ya chuo niliiandika mimi, najua kilichomo ndani

Saa moja asubuhi, Mzee Herufi yuko juu ya ngazi, brashi moja mkononi, nyingine sikioni. Anaandika jina la duka la dawa kwenye ukuta uliopakwa rangi jana. Chini, mwenye duka anamuuliza kama hiyo herufi ya tatu haijapinda.

"Kilichopinda ni shingo yako," anamjibu bila kugeuka. "Rudi nyuma hatua tano."

Mwenye duka anarudi, anaangalia, anacheka. Imenyooka kweli.

Miaka ishirini na sita ya kuandika maduka, magari na zahanati imemfanya mtu huyu asahaulike hata jina lake halisi. Zamani alipata kazi nane kwa wiki. Siku hizi mabango yanachapwa kwa mashine, akipata mbili anashukuru. Lakini mtajie binti yake, anayesomea ufundi umeme mwaka wa pili katika chuo cha serikali, uone anavyotoa kifua.

"Siyo kwamba tulikosa pa kumpeleka," anasema. "Tulichagua."

Binti alipata nafasi mbili: chuo cha serikali, na chuo kipya cha binafsi chenye bustani na lango la marumaru. Ada ya mwaka mmoja kule ingetosha miaka minne huku. Dada yake Mzee Herufi, muuza vitambaa, alikuwa tayari kubeba nusu. Nusu ya pili ingetoka kwenye kiwanja, mali pekee ya familia. Mama alikuwa upande wa wifi yake, na mtoto mwenyewe alishaipenda ile bustani.

Tatizo ni kwamba milango ya chuo kile aliiandika Mzee Herufi.

"Waliniita niandike milango saba kwa siku mbili, wageni wanakuja. Nikaandika 'Karakana ya Umeme', mlango uko wazi. Ndani kuna nini? Meza mbili na maboksi ya vigae. Nikasema labda vifaa viko njiani. Mwaka uliofuata wakaniita nirekebishe herufi zilizochubuka. Jamani! Maboksi ni yaleyale, vumbi limeongezeka tu."

Alikaa nalo moyoni wiki nzima. Anakiri aliogopa watu wangesema ni ubahili, kwamba anamzibia mtoto njia.

"Alinikuta naosha brashi. Akaniuliza, 'Baba, wewe umeingia mle. Umeona nini?' Ningemdanganyaje? Nikamwambia yote."

Kesho yake walikwenda wote wawili kwenye chuo cha serikali. Bango la langoni lilikuwa limefifia kiasi cha kumuumiza macho mtu wa kazi yake, na foleni ya usajili ilizunguka jengo. Lakini karakanani kulikuwa na mota zimefunguliwa matumbo, wanafunzi wamezizunguka wanabishana. Mwalimu mmoja hakuwa hata na muda wa kuwakaribisha. Alimpa binti bisibisi, akamwambia, "Shika hapa, usiachie."

"Alitoka baada ya saa mbili, grisi mpaka kwenye viwiko, meno yote nje," anasema baba. "Nikajua hapa tumefika."

Shangazi alikuja juu. "Mtoto ana akili zote hizo, unamtupa kwenye yale majengo ya mabati? Bahili we!" Miezi mitano hakupokea simu ya kaka yake.

Likizo ya kwanza, pampu ya maji ya shangazi ikafa. Mafundi wawili walishamwambia anunue mpya. Binti aliifungua, akakuta waya umeungua, akaubadilisha, na maji yakatoka kabla ya chakula cha mchana. Sasa hakuna mteja wa vitambaa anayeondoka dukani bila kusikia habari za "injinia wetu."

Kiwanja bado kipo. Na baba ana mpango wake. Mabango ya sasa yanawaka taa, naye mambo ya waya hayajui. Chuo hichohicho cha binti kina kozi ya umeme ya miezi sita kwa watu wazima, na wiki iliyopita, akiwa na miaka hamsini na nne, alijaza fomu. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Binti aliikagua fomu, akamrudishia: amekosea mistari miwili.

"Mwezi wa tisa mimi naanza, yeye anaingia mwaka wa tatu," anasema. "Ananiambia pale chuoni wa mwaka wa kwanza huwaamkia waliowatangulia, kwa hiyo nijiandae kumpa shikamoo yake. Nitampa. Tena kwa sauti, watu wote wasikie."