Mramba Hatoki Kwenye Runinga

Kambi wa Tsuma, mkazi wa Kibarani mjini Kilifi, alikuwa akikodisha viti, mahema na maneno. Viti na mahema ulilipia; maneno aliyatoa bure, hata ukimwomba anyamaze. Tangu babake afariki alikuwa amemwahidi mamake, Kadii, kwamba atamsimamishia mzee kigango, ule mti wa kuchongwa anaostahili mzee wa heshima ili koma yake, roho ya aliyekufa, itulie. Kila mavuno alikuwa na sababu mpya. Mwaka huu sababu ziliisha, mkono ukapata fedha, basi akaenda Mtwapa akarudi na runinga ya oledi, pana kama mlango.

"Mayo, hii ndiyo itakayoleta kigango," alimwambia mamake. "Nitaikodisha harusini na matangani. Subiri kidogo tu."

Kadii alikuwa amezoea kusubiri, akaendelea kuchambua mchicha wake.

Muuzaji alikuwa amemweleza Kambi kwamba ndani ya kioo kile mna matabaka ya polima, plastiki nyembamba ajabu inayopitisha umeme, yamelazwa moja juu ya jingine. Umeme huingia kutoka pande mbili, hukutana katikati, na hapo mwanga huzaliwa, bila taa yoyote nyuma. Alimwonya pia kwamba matabaka hayo huchakaa kadiri yanavyowaka, basi asiiache picha moja ikakaa kutwa kucha. Kambi alilishika lile la kwanza. La pili halikuwa na cha kujitapia.

Kazi ya kwanza ilikuwa hanga, yaani msiba, la Mramba, mzee mpole ambaye uhai wake wote hakuna aliyemtazama mara mbili. Kambi aliweka picha yake kiooni, shati jeupe na kofia nyeupe, ikakaa usiku na mchana mpaka matanga yakavunjwa. Runinga, iliyomzidi mwenyewe kwa akili, ilijaribu kujififisha ipumzike. Kambi akachukua rimoti, akaiachisha tabia hiyo na kupandisha mwangaza hadi mwisho. Waombolezaji walikuja kutazama wakasahau kulia, naye akasimama kando akiwasomesha.

"Tabaka la huku ni mwili, la huku ni roho," alisema. "Vikikutana, mwanga."

Kazi iliyofuata ilikuwa harusi ya Everlyne, binti wa Mwambire. Kambi hakuhangaika kutunga hotuba mpya. Tabaka la huku likawa bibi harusi, la huku bwana harusi, na wakikutana, mwanga. Kisha akawasha. Everlyne alijitokeza kiooni na gauni lake jeupe, na juu ya kifua chake pakakaa kivuli cha mtu mwenye kofia. Mramba alikuwa amehudhuria bila kualikwa. Shangazi mmoja akaweka sahani ya pilau chini. Kambi alikipangusa kioo kwa leso, akakipangusa kwa kiganja, mwisho akakipangusa kwa dua.

Joram, fundi wa mjini, hakuhitaji hata kuifungua. "Palipokuwa peupe ndipo palipowaka zaidi, ndipo palipochakaa," alisema. "Hapatengenezeki, ndugu yangu."

Keshoye akaja Mwaro, mdogo wake Mramba, na wazee wawili, maana habari za harusi hazikai harusini. Kambi aliona riziki imebisha hodi. Runinga mbovu haina mnunuzi, lakini runinga yenye koma, je?

"Wazee wangu, shikamooni," alisema kwa sauti ya msibani. "Hiki si kioo tena. Ni ndugu yenu. Amependa mwenyewe kukaa humu, na mimi sina haki ya kumzuia. Tukielewana, nitawapa."

Mwaro alikitazama kile kivuli. "Marahaba," alisema. "Basi koma haiuzwi, Kambi, na ikishasimama haihamishwi. Wewe umeitembeza mpaka harusini. Tutaichukua, nawe utaleta mbuzi wa kumwomba radhi."

Kambi alifungua kinywa ataje polima, akakumbuka ni nani aliyeitaja koma. Ulimi ulikuwa umeponza kichwa. Wakaibeba runinga kwa adabu zote, na yeye akawafungulia lango.

Siku chache baadaye Kadii alikwenda kwa kina Mramba kutazama. Alirudi akaketi mlangoni na kuvua viatu.

"Wamempa kibanda kizuri," alisema. "Wanamtilia tembo la mnazi chini yake. Na mbuzi wako wamemsifu. Mwanangu, una mkono mzuri kwa baba za watu."

Kambi aliona aibu, ile isiyokubali mzaha. "Nitauza mahema, mayo. Mwezi huu huu namwita mchongaji."

"Haya. Hebu niambie, babako unamkumbuka sura?"

Picha ya mzee hawakuwahi kuwa nayo. Kambi alifumba macho amtafute. Ilianza kumjia kofia nyeupe, kisha shati jeupe, kisha uso mpole uliotulia katikati na kukataa kuondoka. Babake hakuwahi kuvaa kofia. Alifumba macho kwa nguvu zaidi, na Mramba akazidi kung'aa.

"Unamwona?" aliuliza mamake.

"Namwona," alisema Kambi, na hakuongeza neno.